Ndevu za Chuma

Cheti changu cha kuchomelea vyuma nilikipata kwa uongo wa mtu mwingine. Nalisema hilo mapema ili msije mkadhani nilitaka kulificha katikati ya vichekesho, maana vichekesho vitakuwepo. Mtu huyo alikuwa mkweli kupita kiasi, mkweli wa kuchosha, na mara moja tu alidanganya mbele yangu. Alidanganya kwa ajili yangu. Mimi nikanyamaza, na kwa miaka miwili nikajiambia kwamba kunyamaza si kudanganya. Nimesoma chuo kikuu. Hoja za kujitetea hazinipi shida.

Tulimwita Papa Gilotini. Alizaliwa wapi hasa, baba yake alikuwa nani, alifikaje Brussels, sikuwahi kuuliza, jambo la ajabu kwa mtu kama mimi niliyeuliza kila kitu kingine. Nilimkuta kwenye karakana ya mafunzo kule Schaerbeek, nyuma ya reli, mahali ambapo watu wazima wasio na kazi walifundishwa kazi. Gilotini ni mashine ya kukatia chuma: meza, kisu kirefu, na mkono mrefu wa kukishusha. Kiwanda kimoja cha rafu za maduka kilituletea mabaki yake, mapande ya chuma yenye upana wa viganja viwili, na kazi ya Papa ilikuwa kuyakata yawe membamba, kisha mafupi, ili sisi wanafunzi tupate cha kuunguza. Basi. Hakufundisha, hakuchomelea, hakumsimamia mtu. Tulimaliza kikapu, akajaza kikapu.

Mimi nilikuwa nimetoka Goma na shahada ya sosholojia. Ofisi za hapa zilisema zinaichunguza. Zilikuwa bado zinaichunguza nilipojiandikisha kujifunza kuchomelea, mwaka mmoja kabla nchi yetu haijaacha kuitwa Zaire, na nadhani zinaichunguza hadi leo. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu, lakini si hilo lililowachosha wenzangu. Kilichowachosha ni maswali. Wiki ya pili tu Papa alikuwa amekwisha kunibatiza.

"Mademoiselle Pourquoi," alisema, yaani Bibi Kwa-Nini, "weye unauliza kama polisi ya commune. Chuma ingekuwa na mudomo ingeomba avocat ya kuitetea."

Alikuja kazini na suti. Si suti ya mtumba iliyoning'inia, ni suti iliyokaa, na viatu vilivyong'aa hata siku za theluji. Akifika alivua tai, akaitundika kwenye msumari wake, akavaa ovaroli. Jioni aliivaa tena akijitazama kwenye bamba la chuma alilolisugua mwenyewe mpaka likawa kioo. Nilimuuliza kwa nini avae tai kwa ajili ya kupanda tramu mbili tu. Akasema tramu zina watu, karakana ina vyuma, na watu ndio wanaoangalia.

Kwenye gilotini yake kulikuwa na sheria moja ambayo hata mwalimu wetu, Mbelgiji mnene mwenye sauti ya kelele, aliitii. Ukimaliza kukata, kabla hujaenda popote, unainua mikono juu na kuhesabu vidole kwa sauti: un, deux, trois, hadi dix. Ndipo Papa anakuachia. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyewahi kuishia tisa.

"Bado," alisema.

Huyu Papa alikuwa na ugomvi wa kudumu na mwalimu kuhusu upana. Mwalimu alitaka vipande vikatwe vyembamba zaidi ili chuma kitoshe hadi mwisho wa mwezi. Papa alikataa kwenda chini ya sentimita nne. Ugomvi huo ulifanyika karibu kila Jumatatu, na ulikuwa na maneno yale yale.

"Sentimita tatu, Papa. Ni mazoezi tu."

"Quatre."

"Wanaviunguza tu na kuvitupa!"

"Bon, sikia. Ukipunguza, moto haiko na pa kwenda. Kipande inakuwa nyekundu yote, mushono inalala chini, inatoboka. Na huyu mutoto mwenye anajifunza atasema mukono yake iko mubaya. Atalia, atarudia kwao. Kumbe mukono iko muzuri, ni chuma njo ilikuwa kidogo. Quatre."

Mimi sikumwamini. Sikumwamini mtu yeyote. Nilikuwa nimefundishwa hivyo na nilikuwa nimefaulu vizuri. Mchana mmoja nilikata vipande viwili vya sentimita mbili, nikahesabu vidole vyangu, nikaenda kuvichomelea kwenye kibanda changu. Kabla sijafika katikati, chuma chote kilikuwa chekundu, mshono ukayeyuka kama siagi kwenye ugali wa moto, na kukabaki tundu ambalo ningeweza kupitisha kidole. Papa alikuja akalitazama tundu. Akanipa vipande viwili vya sentimita nne na kuondoka, na nilitamani angesema kitu, hata matusi.

Chuma kikikatwa chembamba na gilotini hujikunja, hutoka kama ganda la muhogo. Wakataji wengine hukiacha hivyo. Papa alikilaza kila kipande kwenye fuawe, akakigonga mara mbili tatu, akakiinua machoni kuelekea dirishani kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa kwa herufi ndogo. Kisha ndevu. Kisu cha gilotini hakikati kwa usafi; upande kinapotokea huacha ukingo wenye vijino vikali visivyoonekana ila kwa kidole. Hivyo Papa aliviita ndevu, na kuviondoa kwa tupa alikuita kunyoa. Alikuwa na tupa tatu, na alizifunika kwa kitambaa cha meza chenye maua.

"Chuma yenye haikunyolewa haiendi kwa muntu," alisema. "Hata ya mazoezi. Hata ya Mademoiselle Pourquoi."

Vipande vya mtihani alivinyoa zaidi, hadi pembe zikawa za mviringo kidogo. Na hapo ndipo nilipoanza kumshuku.

Lakini kwanza niseme habari ya moto. Papa hakuchomelea kamwe. Alijua kuchomelea kuliko wengi wetu. Alipita nyuma ya vibanda akisikiliza tu, na kwa mlio peke yake alijua nani anakwenda haraka na nani ameshika fimbo ya kuchomelea mbali mno na chuma. "Issa, unakaanga samaki?" aliuliza akipita, na Issa, Mrundi wa Bujumbura aliyekuwa kibanda cha jirani yangu, alisogeza mkono karibu na mlio ukawa mzuri. Lakini yeye mwenyewe hakushika fimbo. Issa alimuuliza sababu, akaambiwa ni macho. Mwalimu akaambiwa ni mapafu. Niliposikia majibu mawili nilikwenda kuchukua la tatu.

"Moto iko na bapenzi mingi humu ndani," aliniambia. "Inatakiwa muntu moja mwenye hapendi moto. Huyo njo atabaangalia."

Sijui hadi leo lipi lilikuwa kweli. Labda yote matatu, labda hakuna. Alikuwa na mambo mengi yasiyopatana. Alituhubiria subira kutwa nzima, lakini kwenye kituo cha tramu alitembea huku na huku akiilaani reli kwa lugha ya kwao. Aliokota kila kibanzi cha chuma asipoteze kitu, kisha akawatupia njiwa nusu nzima ya mkate. Alikuwa mzee wa kanisa, na wakati wa kuombea chakula hakufumba macho. Alisema Mungu anajua anafanya kazi mahali penye kisu.

Sasa mtihani. Unachomelea mapande mawili yawe bamba moja. Bamba hilo linakatwa kwa gilotini kukatisha mshono, vinatoka vipande vyembamba, kila kimoja na mshono wake katikati. Mtahini anakikunja kipande kwa mashine hadi ncha mbili zitazamane. Mshono ukifunguka, wewe umeanguka. Mimi nilikuwa nimekwisha anguka mara moja mwezi wa pili, na nafasi ilikuwa imebaki moja tu. Karakana ya reli za ngazi kule Laeken ilikubali kunipokea mwisho wa mwezi wa sita, kwa sharti la cheti. Bila cheti ningerudi kufagia maofisi alfajiri na kungoja ofisi zimalize kuichunguza sosholojia yangu.

Na mimi, mtu mwenye nafasi moja, niliamua kwamba nyembe za Papa zinawapitisha watu wasiostahili. Nilimwambia Issa hivyo siku ya mtihani, tukila mikate yetu uani.

"Fikiria," nilisema. "Kama mshono ni mzuri, ya nini kuupamba? Anawatengenezea njia. Tunafaulu kwa tupa yake, si kwa mikono yetu."

"Weye mara ya kwanza hakukunyolea?"

"Alininyolea."

"Na ulianguka?"

"Nilianguka."

"Alors, hiyo tupa ilikuficha nini?"

Mtu mwingine angeacha jambo hapo. Mimi niliinuka nikaingia ndani. Papa alikuwa amekwenda kula. Vipande vya watahiniwa vilikuwa kwenye sinia mbili, vilivyonyolewa na visivyonyolewa, kila kimoja na namba ya chaki. Vyangu vilikuwa viwili, kimoja cha kukunjwa na kimoja cha akiba, ambacho Papa hukinyoa kikihitajika tu, vyote bado na ndevu. Nikachukua cha kukunjwa nikakiweka kwenye sinia ya vilivyonyolewa. Nilitaka kufaulu nikijua ni mkono wangu. Nilijiona mwaminifu kuliko wote mle ndani.

"Weye uko na kichaa," Issa alisema kutoka mlangoni.

Mtahini alikuwa mtu wa nje, mwembamba, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alivikunja vipande vya wenzangu kimoja kimoja, na vilikunjika. Cha Issa kilikunjika kama ulimi. Changu kilikwenda vizuri hadi nusu, kisha tukasikia mlio mdogo, tiki, kama kuvunja kijiti. Ufa ulianzia pembeni, kwenye ukingo, ukaingia kwenye mshono. Mtahini akasimamisha mashine.

"Pole, mademoiselle," alisema, na akatoa kalamu.

Papa alikuja bila kuitwa. Akakitoa kipande kwenye mashine, kikiwa bado na joto, akapitisha kidole gumba ukingoni. Akazisikia ndevu. Nilimwona akizisikia. Kisha akaniangalia, na sikuweza kuhimili macho yake. Nikatazama viatu vyake.

"Monsieur," alimwambia mtahini kwa Kifaransa chake cha taratibu, "ona hapa. Ufa haukuanza kwenye mshono, umeanza ukingoni, kwenye ndevu. Kipande hiki hakikunyolewa. Kosa si lake."

"Ni la nani?"

"Mimi ndiye ninayenyoa. Nilisahau."

Mwalimu alicheka, akidhani ni mzaha, kisha akaacha. Issa aliniangalia mimi. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu, nayo ilidumu muda mrefu kuliko mnavyofikiri. Mtahini alifungua kitabu chake cha kanuni, akasoma kwa kidole: kipande kilichoandaliwa vibaya hakihesabiwi, kikunjwe cha akiba. Papa akakinyoa kile cha akiba mbele ya watu wote, polepole, kama mtu anayejifunza kazi. Kikakunjwa hadi ncha zikatazamana. Mshono haukuonyesha hata mstari.

Nikapata cheti. Mtahini naye aliandika alichoona: kosa la mkataji. Wiki chache baadaye ikaja barua kwamba vipande vya mitihani vitaandaliwa mahali pengine, na mkataji wetu abaki na vya mazoezi. Nilisikia hayo kwa Issa. Mimi nilikuwa Laeken, nikichomelea reli za ngazi, na nilikuwa na kazi nyingi sana. Mtu akiwa na aibu kazi hazimwishi. Baadaye nikasikia Papa ameondoka kabisa.

Miaka miwili baadaye, Ijumaa moja asubuhi, nilimwona kwenye tramu. Suti ile ile. Lakini alikuwa amevaa miwani mikubwa, na mwanamke mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani alikuwa amemshika kiwiko.

"Maman," alimwambia mwanamke huyo kwa furaha ya kweli, "angalia, Mademoiselle Pourquoi!"

Maman, mke wake, alinitazama toka juu hadi chini. "Umekonda. Kuya kula."

Walikaa Saint-Gilles, ghorofa ya tatu. Nilikaa mezani nikiwa nimekwisha tunga hotuba yangu ya kuomba msamaha, nzuri, yenye utangulizi. Papa alinyoosha mkono kuchukua kisu cha mkate. Maman akakiondoa kabla hajakifikia, akaanza kukata mwenyewe.

"Papa hagusi kisu," alinieleza, kama anayeeleza desturi ya nyumba. "Macho. Na kichwa pia. Ilianzaka siku ile ya examen kule kwenu. Muntu mwenye hakusahauka hata mara moja, anarudi kwa nyumba ananiambia nilisahau kunyoa chuma. Nikasema, Yesu, njo imeanza. Niko namupeleka kwa docteur ya macho, kwa docteur ya kichwa. Bajukuu tumeshabaambia, babu musimusumbue, anasahau."

Papa alitazama dirishani kwa juu ya miwani yake. Alikuwa akiona vizuri kabisa.

Maman alipoingia jikoni nilianza hotuba. Sikufika mwisho wa utangulizi.

"Papa, nimekuja kukuomba msamaha kwa…"

"Uko na kalamu?"

Nilikuwa nimetarajia apunge mkono. Nilikuwa nimetarajia, kusema kweli, aniambie yamepita, binti yangu, kula. Nilikuwa nimeyategemea maneno hayo hata nisipande tramu kumtafuta kwa miaka miwili.

"Nilifanya juu nilitaka," alisema kwa sauti ya chini. "Mukono yako ilikuwa muzuri, nilikuwa naisikiaka. Sikutaka urudie kufagia. Lakini nilifikiri ni ya siku moja. Nilisema, atashika karatasi yake, kesho yake atasema. Kesho yake sikukuona. Noëli ikafika, nikasema, huyu mutoto atakuya. Noëli ingine." Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mbali naye kama kitu cha mtu mwingine. "Donc, andika. Na français ya université. Kwa director ya école, na kwa ule monsieur ya kalamu mbili."

"Wanaweza kuninyang'anya cheti, Papa."

"Banaweza," alisema. Akanisogezea karatasi.

Nikaandika. Nilianza, "Huenda siku ile kulitokea…" na yeye, akisoma begani kwangu bila miwani, akaweka kidole juu ya neno la kwanza.

"Huenda ni nini? Ulikuwa haupo?"

Nikalifuta. Niliandika kwamba nilichukua kipande changu kabla hakijanyolewa, nikakiweka kwenye sinia isiyo yake, kwa makusudi, na kwamba mkataji hakusahau kitu. Ni maandishi mafupi kuliko yote niliyowahi kutunga, na ndiyo pekee yasiyo na swali ndani yake. Nikatia sahihi. Papa akaita jikoni.

"Maman! Kuya usikilize."

Nilimsomea, nikitafsiri mstari kwa mstari. Maman alisikiliza akiwa amesimama, taulo begani. Nilipomaliza akamgeukia mumewe.

"Kumbe haukusahau."

"Sikusahau."

"Miaka deux nakupeleka kwa docteur! Unafungua mudomo, anakuwekea mashini kwa jicho, unanyamaza! Unavaa ile lunettes kwa macho, hata kwa kanisa!"

"Ningesema nini? Nilishasema nilisahau."

"Eh! Batu bawili, mmoja mwongo, mwingine bubu, na chakula yangu njo banakula!" Akanigeukia. "Na weye, hiyo barua inaenda siku gani?"

"Jumatatu, Maman. Nitaipeleka mwenyewe."

"Leo iko siku gani?"

"Ijumaa."

"École iko wazi?"

Papa alitazama saa ya ukutani, kisha akainuka kwenda kunyoosha tai yake. "Mupaka seize heures," alisema, yaani saa kumi jioni.

Maman alizima jiko. Akaleta koti langu, akaleta kofia ya mumewe, akachukua barua mezani kabla wino haujakauka vizuri. Tukashuka ngazi watatu, yeye mbele, karatasi mkononi mwake, kwa kuwa hakumwamini hata mmoja wetu.